Nyumba Moja na Mkwe

Mwaka mpya wa 2024 ulitukuta nyumbani Nyamwaga, nyumba imejaa mpaka watu wengine wamekalia ndoo. Mimi napenda nyumba ikiwa hivyo. Nina saluni ya kusuka Tarime mjini, jirani na stendi, na siku wateja wakipungua kichwa kinaniuma kwa kimya. Basi asubuhi hiyo watoto wanakimbizana, pilau iko motoni, na shangazi yetu wa Mugumu yuko katikati ya habari ya mchungaji fulani na mwanakwaya, pale penyewe patamu, ndipo binamu yetu Lilian akaingia na simu mkononi akasema, "Elieth, si ndiko huku kwa Beatrice?"

Kwenye picha za tetemeko barabara ilikuwa imechanika kama nguo iliyogombewa na watu wawili, na nyumba zimelala kifudifudi.

Ile habari ya mchungaji haijaisha mpaka leo.

Beatrice ni mdogo wangu. Ameolewa Japani na mwanamume anaitwa Naoki, ambaye alikuja kwetu kufundisha hesabu kwa kujitolea, akakaa miaka miwili, akajifunza Kiswahili, na Kikurya cha kusalimia na cha kutukana. Alipotaka kuoa alitoa ng'ombe kama mtu mwingine yeyote, akaondoka na mdogo wangu kwenda kwao, mji mdogo wa pwani katika rasi ya Noto, nyumba moja na baba yake na mama yake. Wakapata mtoto wa kike, Mokami, jina la bibi yetu.

Siku tatu simu ya Beatrice haikupatikana. Mama yetu hakukaa. Alifagia uwanja uliokwisha kufagiliwa, akahamisha kuni kutoka upande huu wa jiko kwenda upande ule, akazirudisha. Siku ya nne ujumbe ukaingia: nyumba imeanguka, sote tuko hai. Tukashukuru, tukalia. Siku chache baadaye mwingine: mama mkwe wangu amefariki. Tukasema ni majeraha ya tetemeko. Hakuna aliyeuliza zaidi, maana msiba wa mbali unaulizwa kwa adabu.

Tangu hapo mama akawa na neno moja. "Mtoto arudi."

Baba mdogo Machage, ambaye ndiye mkubwa wetu tangu baba afariki, akalipitisha neno hilo mbele ya ukoo. Ardhi inayotikisika haimlei mtu, alisema. Mama aende, amlete Beatrice na mtoto; mume naye akitaka, milango iko wazi, hesabu hata huku zinafundishwa. Mimi niende naye niwe mdomo wake, maana Kiswahili cha mama ni cha sokoni tu, na Kiingereza anakijua kwa kukiona. Wakaanza kujenga chumba cha Beatrice ubavuni mwa nyumba kabla hata ya pasipoti kutoka. Na pasipoti ilichelewa, kwa sababu jembe lilikuwa limemla mama vidole, mashine haikuona alama hata moja. Tulirudi ofisini mara tatu, mama akilowesha mikono kwa mafuta ya nazi tangu siku iliyotangulia.

Mwezi wa tano Beatrice akatuambia kwamba wametoka kwenye kambi ya waliobomokewa nyumba. "Tumepewa nyumba na serikali," alisema.

Hapo ndipo tulipokosea, na nakwambia hakuna mtu wa Tarime ambaye asingekosea. Nyumba ya serikali tunaijua. Ni ile ya mkuu wa wilaya, au ya daktari: uzio wa michongoma, vyumba vinne, na nyuma kuna banda la mtumishi lenye choo chake. Ikiwa serikali ya Tanzania inatoa hiyo, ya Japani itatoa nini? Mimi mwenyewe nilieneza saluni nzima kwamba mdogo wangu anakaa kwenye nyumba ya serikali. Kwa hiyo hakuna aliyeuliza mama atalala wapi.

Na lilikuwa ndilo swali la kwanza. Kwetu mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawalali chini ya paa moja. Hawashikani mikono, hawali meza moja, hawatazamani machoni. Wakikutana njiani mmoja anachepuka shambani mwa watu mpaka mwenzake apite. Si chuki, ni heshima, na heshima hiyo ina makali. Anayeivunja anaitwa na wazee, mbuzi anachinjwa, na jina lake linatembea sokoni kuanzia Susuni mpaka Sirari. Mimi ni msusi, najua jina linavyotembea.

Tulifika mwezi wa sita, kwa ruhusa ya wiki nne. Naoki alitupokea kwenye stesheni ya treni na kigari kidogo cha boksi. Aliinama mbali, akanisalimia mimi, akafungua mlango wa nyuma akasimama upande mwingine wa gari mpaka mama alipokaa. Kisha kabla ya kuwasha akakigeuza kile kioo cha ndani kitazame juu, kisimwonyeshe mama. Mama akaliona hilo. Alilegeza mkono uliokuwa umekamata mkoba.

Njiani kila paa la pili limefunikwa turubai la bluu. Barabara inapanda na kushuka kama imeshonwa na fundi mlevi. Mama alikuwa anahesabu nyumba zilizolala, kwa Kikurya, kwa sauti ndogo, mpaka akaacha.

Halafu tukafika kwenye uwanja wa shule, na kwenye uwanja kuna mistari ya vibanda vyeupe vilivyobanana, mlango hapa, mlango pale. Naoki akasimamisha gari. Beatrice akatoka kwenye mlango wa tisa. Alikuwa amekonda, na nywele amezifunga kitambaa kama mtu anayekwenda kuchota maji.

Tulilia kwanza. Hilo sitalieleza. Tulipoingia ndani nikavua viatu na nikawa nimemaliza kuitembelea nyumba: vyumba viwili vya kulala chini, mlango wa kusukuma katikati, jiko la kusimama mtu mmoja. Katika chumba kimoja alikuwa amekaa Mzee Shigeo, baba yake Naoki, na pembeni yake picha ya mkewe na ua moja. Tukampa pole, akatuinamia mpaka paji likagusa mkeka.

Mama alibaki amesimama.

"Beatrice," akasema, "watu wanalala wapi?"

"Ni hapa, mama."

"Hapa ni pa kukaa."

"Ni hapo hapo."

"Na mume wako?"

Beatrice akatazama vidole vya miguu yake. "Niliogopa kukwambia. Ningekwambia usingekuja."

"Nyumba mliyopewa na serikali iko wapi?"

"Ndiyo hii, mama."

Mkoba mama hakuuweka chini. Alisema kwamba nje ameona benchi, na benchi linamtosha, hakuna baridi. Mokami akamshika kanga, mama akamtoa mkono polepole, akaanza kutafuta viatu vyake. Naoki alikuwa bado nje na masanduku yetu. Hakuambiwa na mtu. Alipita ubavuni akavuta godoro lake jembamba na blanketi, akaniambia mimi, "Shemeji, mwambie mama akae kwa amani. Mimi nina pa kulala." Akavipeleka kwenye gari.

Mzee Shigeo akasema neno. Naoki akajibu akiwa huko huko nje. Mzee akasimama mlangoni akasema tena, safari hii kwa nguvu, na mtu yule tangu tulipofika alikuwa anaongea kama anayenong'ona kanisani.

"Anasemaje?" nikamuuliza Beatrice.

"Hakuna kitu."

"Hakuna kitu gani kirefu hivyo?"

"Dada, weka chai."

Siku zikaanza kwenda vibaya. Chumba kile hakikai watu wanne bila kugongana viwiko, na mama si mtu wa kukaa. Saa kumi na moja alfajiri kwao ni mchana mweupe. Yeye yuko nje ameinama, anang'oa majani kando ya vibanda vya watu. Siku ya pili akang'oa maua ya jirani akidhani ni kwekwe, nikamwona jirani anamtazama dirishani na mkono mdomoni, nikakimbia kuomba radhi kwa kuinama, kuinama tu, mpaka mgongo ukauma. Bafu mama alikataa kuingia, maana mkwe wake anaoga humo humo. Alijifuta kwa beseni nyuma ya pazia. Na kila asubuhi, kabla ya salamu kukamilika:

"Umefungasha?"

"Bado, mama."

Leo shule ya chekechea ya mtoto. Kesho karatasi za halmashauri. Keshokutwa nguo hazijakauka. Beatrice hakukataa na hakukubali. Alizunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Siku ya tatu, mchana, simu zote za mtaa zikalia kwa pamoja, mlio mmoja wa tahadhari kupitia kuta zote, na sakafu ikasukumwa pembeni, mara moja, mara mbili. Vikombe vikagongana. Nilipofungua macho Beatrice amemlalia Mokami, Mzee Shigeo ameshika mlango uwe wazi, na mama yuko katikati ya uwanja peku, mkoba mkononi, anatazama ardhi kama mtu aliyesemwa na mtoto mdogo. Ilikuwa imekwisha. Watu wakarudi ndani kuendelea kupika. Kuanzia siku hiyo mama alilala na viatu.

Lakini kilichonisumbua mimi ni jambo jingine. Macho yangu hayalali vizuri ugenini, na dirisha la jiko linatazama maegesho. Alfajiri ya kwanza nikamwona Beatrice anakwenda kwenye gari, anagonga kioo, anangoja mpaka mkono uinuke ndani, anarudi. Nikajua ni mambo ya mtu na mumewe, nikageuza shingo. Baada ya robo saa akaenda tena. Aliporudi akatoka Mzee Shigeo, akagonga, akangoja, akarudi. Wakabadilishana hivyo mpaka jua likapanda. Na kesho yake hivyo hivyo.

"Mnamlinda nini?" nikamuuliza.

"Mazoea ya mzee," alisema Beatrice.

"Na wewe?"

"Na mimi nimeyashika."

Majirani nao walikuwa wanaona. Umbea hauhitaji lugha. Mama mmoja wa mlango wa kumi, anaitwa Yoshie, alikuja na bakuli la figili za chumvi. Alituinamia, akatabasamu, jicho likakimbia kwenye magodoro, likahesabu, likaenda dirishani mpaka kwenye gari, likarudi. Akamwambia Beatrice neno fupi.

"Anasemaje huyu?"

"Anauliza kama Naoki anaumwa."

"Uongo. Anauliza kama umemfukuza."

"Dada."

"Nimesuka watu miaka kumi na minne, Beatrice. Hiyo sura hata ukiipeleka mwezini nitaijua."

Beatrice akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu tufike, na alipomaliza kucheka akafuta macho, akaendelea kuyafuta.

Siku ya sita ilikuwa Jumapili. Beatrice amempeleka mtoto kuchukua maji ya msaada, mzee amelala. Mama akaniita. "Leo nitasema na mwenyewe," akasema. "Huyu mtoto amefungwa ulimi na mume. Njoo."

Naoki alikuwa ndani ya gari, milango yote wazi, amekunja miguu kwenye kiti anasoma. Mama akachukua kreti la chupa, akaliweka hatua tano kutoka pale, akalikalia, mgongo kwa gari, uso kwa milima. Mimi nikasimama katikati. Ndivyo inavyofanywa kwetu mama mkwe akiwa na neno.

"Elieth, muulize mume wa mdogo wako kama amekula."

"Shemeji, mama anauliza kama umekula."

"Nimekula. Mwambie asante."

"Mama, amekula, anashukuru."

"Mwambie nashukuru kwa heshima aliyonipa. Hata kwetu wako wasioijua."

"Shemeji, mama anasema..."

"Nimesikia, shemeji."

"Mama, anasema amesikia."

"Najua amesikia, sijamwita kiziwi. Mwambie nimekuja kumchukua mtoto wangu."

Nikalisema. Naoki akafunga kitabu. Alichagua maneno muda mrefu, kama alivyokuwa akifanya enzi zile akinunua ndizi kwetu.

"Mwambie mama, tikiti ya Beatrice nilinunua mwezi wa pili. Yake na ya mtoto. Akaikataa. Nikanunua tena mwezi wa nne. Nilimwambia aende apumzike kwa mama yake hata mwaka mzima. Sijamzuia."

Kabla sijarudia, mabega ya mama yalikuwa yameshuka kidogo.

"Muulize anakataa nini."

"Anasema nyumba ya baba haiwezi kubaki bila mwanamke."

Hilo ni neno la mama mwenyewe. Ametulea nalo, alikuwa akitwambia tukiwa tunaosha vyombo. Akachuma jani chini, akalipasua pasua.

"Mwambie sawa. Hilo tutaliongea na Beatrice. Lakini yeye leo arudi akalale ndani na baba yake. Amelala kwenye gari siku tano, watu wameanza kusema. Mimi ndiye mgeni, nitalala mimi hapo. Mwili wangu mdogo, kiti kinanitosha."

Nikageuka nifikishe. Sikufikisha.

"Hapana," Naoki akasema. "Hapana, mama."

Alimwambia yeye. Hakupitia kwangu. Mama akashtuka kana kwamba ameguswa bega, lakini hakugeuka, wala hakuondoka.

"Mama yangu alilala humu," Naoki akasema. Kiswahili chake kilikuwa kimeanza kukatikakatika. "Baada ya tetemeko tulikuwa kwenye ukumbi wa shule hii. Watu mia tatu. Mokami alilia usiku wote, kila kitu kikitikisika analia. Hakuna aliyetukasirikia, ila Beatrice aliona aibu. Akasema twende kwenye gari. Mama yangu naye akaja, ampokee mtoto. Hatukuwa na maji ya kutosha, mama hakunywa, ili asiende chooni, choo kilikuwa kibaya. Siku sita alikaa kwenye kiti hiki. Siku ya saba asubuhi alishuka, akatembea mpaka pale kwenye nguzo, akaanguka. Daktari alisema ni damu. Iliganda miguuni kwa kukaa, ikapanda."

Nguzo ilikuwa karibu kuliko nilivyotaka iwe.

"Beatrice anasema ni yeye," Naoki akaendelea. "Tumemwambia si yeye. Baba amemwambia. Daktari amemwambia. Anajibu kwamba amekwisha kumtoa mwanamke mmoja kwenye nyumba ya mzee, hawezi kumtoa wa pili, yaani yeye mwenyewe. Ndiyo maana haendi. Na tangu nilale humu, yeye halali. Baba pia halali. Mimi nanyosha miguu, nakunywa maji, nawaambia mimi ni kijana. Hawasikii."

Sasa nikazielewa zile alfajiri. Nikamgeukia mama nimfikishie, ndiyo kazi iliyonileta, lakini alikuwa ameshaelewa.

Mama alisimama. Akalirudisha kreti mahali pake, akalisawazisha na mengine, akaligusa tena. Akatembea mpaka ukingo wa uwanja, akarudi. Akatembea tena. Mara ya tatu akasimama upande wangu, uso bado kwenye milima.

"Elieth."

"Naam, mama."

"Mwambie aingize godoro lake ndani."

"Mama, na mwiko?"

"Mwambie aliingize kabla Beatrice hajarudi."

"Machage atasema nini?"

"Mwiko ni wangu, nimeubeba tangu niolewe. Machage nitamwambia mwenyewe." Halafu akaongeza, kwa sauti ya kunigombeza mimi, "Na wewe ukaze huo mdomo. Habari hii nitaifikisha mimi. Isinitangulie."

Naoki alilia ndani ya gari. Tulimwacha, tukaenda kutafuta kamba.

Tulifunga turubai la bluu katikati, pale pale kwenye mlango wa kusukuma, kwa sababu ule mlango una kioo cha ukungu na mama alisema ukungu si ukuta. Beatrice aliporudi akakuta godoro la mumewe limetandikwa upande wa baba yake, na mama anapiga fundo la mwisho. Hakuna aliyemweleza. Alisimama na madumu mawili ya maji mpaka nikamnyang'anya.

Usiku ule Naoki alikoroma. Mama alikaa macho amejiegemeza ukutani, mkoba mapajani, viatu mguuni, kila mkoromo ukipita kwenye turubai anavuta shuka mpaka kidevuni kama msichana. Sidhani kama alifumba jicho. Lakini Beatrice alilala. Alilala jua likatoka, simu ikalia haikumwamsha, Mokami akamkanyaga hakumwamsha, Mzee Shigeo akapika uji wa mchele akinyata, akaweka kidole mdomoni sote tunyamaze. Aliamka saa tatu. Akauliza, "Nani amekwenda kumwangalia Naoki?"

"Naoki amekwenda kazini," mama akasema.

Baadaye nikamweka mdogo wangu katikati ya miguu yangu nikafungua kile kitambaa. Nywele zilikuwa zimeshikamana, hazijaona kitana tangu mwaka mpya. Nilizigawa mafungu, nikaanza kutoka kisogoni. Mama alikuwa anamenya viazi, anakata, anamwaga maji, anamenya vingine ambavyo hatuvihitaji.

"Sijakuuliza leo," mama akasema.

"Nimeona, mama."

"Sikuulizi tena."

Kichwa cha Beatrice kikawa kizito mkononi mwangu. "Chumba mmejenga," akasema.

"Chumba hakiozi."

"Machage atasema nimekataa ukoo."

"Machage hajawahi kulala kwenye gari," mama akasema, akatafuta kiazi kingine.

Wiki tatu zilizobaki tulizikaa hivyo. Siwezi kusema mama alizoea. Meza ilikuwa moja, akawa anakula upesi, ubavu kwa ubavu na ukuta. Aliongea na Naoki kupitia kwangu mpaka siku ya mwisho, na Naoki akajibu kupitia kwangu, mimi katikati kama mtu wa posta, wote wawili wakisikia kila kitu. Kila jioni alikagua mafundo ya turubai. Mara mbili ardhi ilitikisika na mara zote mbili alikuwa wa kwanza nje. Siku ya kuondoka alimshika Mzee Shigeo mikono yote miwili, Mokami akamlilia, na Beatrice hakulia. Alisimama mlangoni mwa nyumba ya serikali, nywele zinang'aa, akatupungia kama mwenye nyumba.

Mwanza tukapanda basi, Tarime tukachukua taksi, na simu za nyumbani nilikuwa nazijibu nusunusu. Mnafika lini? Jumamosi. Mko wangapi? Mtandao unakata.

Nyamwaga walikuwa wamejaa kuliko mwaka mpya. Mabenchi ya kanisa yameletwa, ng'ombe amechinjwa, chumba cha ubavuni kimepakwa chokaa na mlango umefungwa utepe. Gari liliposimama wanawake wakaja na vigelegele, vikafika kwenye dirisha, vikaona ndani tuko wawili tu, vikafa kimoja kimoja.

Mama akashuka. Akanyoosha kanga. Baba mdogo Machage alikuwa ameshainuka na fimbo yake.

"Shikamoo baba mdogo," nikasema. Hakunisikia.

"Mtoto yuko wapi?" akamuuliza mama.

"Yuko kwake."

"Tulikutuma nini?"

"Mlinituma nimlete. Sikumleta. Nyumba ile haina mwanamke mwingine, na mimi ndiye niliyemfundisha kwamba nyumba haiachwi hivyo. Hilo la kwanza." Akavuta pumzi. "La pili, nimelala nyumba moja na mkwe wangu wiki tatu. Chini ya paa moja. Hamtalisikia sokoni, nimelisema mwenyewe."

Nimeishi kwenye makelele tangu nizaliwe na sijawahi kusikia nyumba yenye watu mia moja ikinyamaza vile. Shangazi wa Mugumu alikaa chini taratibu.

"Kulikuwa na ukuta?" Machage akauliza.

"Turubai."

"Mlikula pamoja?"

"Meza ni moja."

"Wegesa." Alimwita kwa jina, kitu ambacho hakifanyi. "Ulilazimishwa?"

"Hapana. Aliondoka mwenyewe akalala nje, kwa heshima. Mimi ndiye niliyemrudisha. Angekufa."

Machage akachora chini na fimbo. Wazee wawili wakamsogelea, wakaongea kichwa kwa kichwa. Mwishowe akasema kwamba jambo hili lina mbuzi, kama kawaida, na mbuzi hutolewa na mkwe mwenyewe kwa mkono wake.

"Mkwe yuko Japani," mama akasema.

"Basi mpaka aje."

"Sijui atakuja lini."

"Mpaka aje, hutakula na wanawake wenzako. Unalijua."

"Nalijua."

Hakubisha, hakununa. Akaomba maji ya kunawa. Chakula kilipopakuliwa Lilian akampelekea sahani yake nyuma ya nyumba, kwenye kiti peke yake, na mama akala amesimama, akitembea, tonge hapa, hatua mbili, tonge pale. Nikachukua sahani yangu nikamfuata. Tukatazamana.

"Unafanya nini huku?" akaniuliza.

"Nakula na wewe."

"Kwani wewe umelala na mkwe wa nani? Rudi ndani. Watu wametoka mbali, wanataka habari."

Nikarudi. Walinisogezea kiti katikati, nyama nzuri ikawekwa mbele yangu, na wote wakanigeukia: shangazi wa Mugumu, Lilian, wanawake wa kwaya, hata Machage kwa pembeni akijifanya anachokoa meno. Hakuna aliyeniuliza habari za mbuzi wala turubai. Shangazi ndiye aliyeanza, kwa sauti ya chini ambayo sikuijua kama anayo.

"Na Beatrice mwenyewe, yukoje?"

"Analala," nikawaambia. "Siku hizi analala mpaka saa tatu."